Jina, Muda, Tarehe, Mahali

Tarehe 16 Novemba 2025, huko Salt Lake City, Marekani, Mholanzi mmoja anayeitwa Femke Kok aliteleza mita 500 za barafu kwa sekunde 36.09. Hakuna mwanamke aliyewahi kwenda kasi hivyo. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Lee Sang-hwa wa Korea Kusini, sekunde 36.36, na Lee aliiweka kwenye uwanja uohuo tarehe 16 Novemba 2013. Miaka kumi na miwili kamili, siku kwa siku.

Piga hesabu kidogo. Kok alikuwa anaenda karibu kilomita 50 kwa saa, na huo ni wastani, pamoja na zile hatua za kwanza ambapo mtu anaanza akiwa amesimama tuli. Hamsini ndiyo kasi ambayo sheria yetu inaruhusu gari ndani ya mji. Yaani binadamu asiye na injini, asiye na hata baiskeli, amesimama juu ya nyembe mbili, anaenda sambamba na matatu ambayo dereva wake ameamua leo atatii sheria.

Mimi barafu ninayoijua vizuri ni ile nyekundu ya shilingi tano tuliyonyonya tukitoka shule. Lakini orodha ya rekodi hii ya wanawake nimeisoma mara nyingi kuliko orodha ya mabingwa wa mbio zetu wenyewe, kwa sababu kuna swali ndani yake ambalo halinipi amani. Swali lenyewe ni rahisi kuuliza: rekodi ni ya nani?

Jibu la haraka ni kwamba ni ya aliyeiweka. Kwani ni ya nani mwingine? Yeye ndiye aliyeamka alfajiri, yeye ndiye aliyeanguka, mapaja ni yake. Sawa. Sasa tuisome hiyo orodha pamoja.

Mwaka 1937, huko Davos, Uswisi, Laila Schou Nilsen wa Norway aliteleza mita 500 kwa sekunde 46.4. Mwaka 1976, Sheila Young wa Marekani alifika 40.68 kule Inzell, Ujerumani Magharibi. Mwaka 1983, Christa Rothenburger wa Ujerumani Mashariki akashuka chini ya sekunde 40 kule Medeu, uwanja ulio milimani juu ya mji wa Almaty, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti. Bonnie Blair wa Marekani: 39.10 kwenye Olimpiki ya Calgary mwaka 1988, kisha 38.99 mwaka 1994, kisha 38.69 mwaka 1995, zote Calgary, Kanada. Catriona Le May Doan, Mkanada: 37.55 kufikia mwisho wa mwaka 1997, halafu 37.22 mwaka 2001, Calgary tena. Jenny Wolf wa Ujerumani: 37.00 kamili, Salt Lake City, 2009. Yu Jing wa China: 36.94, Calgary, 2012. Lee, Salt Lake City. Kok, Salt Lake City.

Ukisoma majina peke yake, hiyo ni hadithi ya mashujaa wanaopokezana kijiti. Kila mmoja ana nguvu kuliko aliyemtangulia, na binadamu anazidi kupaa. Lakini vitabu vya rekodi huandika mambo manne: jina, muda, tarehe, na mahali. Safu ya nne ndiyo watu huiruka. Isome hiyo peke yake, kuanzia juu hadi chini. Davos. Inzell. Medeu. Calgary. Calgary. Calgary. Calgary. Calgary. Salt Lake City. Calgary. Salt Lake City. Salt Lake City. Mbona mahali penyewe ni palepale?

Ni kwa sababu ya hewa. Mtu anayeteleza kwa kasi hiyo adui yake mkubwa si barafu. Barafu ni rafiki. Adui ni ukuta wa hewa ulio mbele yake. Ndiyo maana wanainama hadi mgongo unalala kama meza, na nguo zao zinabana kama ngozi ya pili. Ukipanda juu ya usawa wa bahari, ukuta huo unakuwa mwepesi. Calgary iko zaidi ya mita 1,000 juu. Uwanja wa Salt Lake City uko zaidi ya mita 1,400. Davos na Medeu nazo ziko milimani, juu zaidi ya hapo. Mwanamke yuleyule, mwenye mapaja yaleyale, ukimteremsha usawa wa bahari anapata muda mbaya zaidi, na hakuna alichokosea.

Hapa mtu wa nyumbani lazima atabasamu, kwa sababu sisi mambo ya mwinuko tunayajua kwa njia ya kinyume. Mkimbiaji wa mbio ndefu hukaa Iten kwa sababu hewa nyepesi inamtesa. Mwili unajifunza kuishi na kidogo, halafu anashuka chini kwenda kuvuna. Mtelezaji wa mita 500 anapanda juu siku ya kuvuna yenyewe. Mbio zake zinaisha kabla mwili haujaanza kudai deni lake la hewa. Mwinuko uleule ni adhabu kwa mmoja na zawadi kwa mwingine. Na kama unajiuliza, ndiyo, Nairobi iko juu kuliko Salt Lake City. Hewa tunayo. Kilichobaki ni barafu.

Halafu kuna viatu. Angalia tena namba za Blair na Le May Doan. Kutoka 39.10 ya mwaka 1988 hadi 38.69 ya mwaka 1995, rekodi ilishuka kwa sekunde 0.41 katika miaka saba. Kutoka hapo hadi 37.55 ya mwisho wa mwaka 1997, ilishuka kwa sekunde 1.14 katika miaka isiyofika mitatu. Nini kilitokea? Mapaja ya wanawake yalibadilika ghafla? Hapana. Kilichobadilika ni kiatu. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Amsterdam, akiwemo Gerrit Jan van Ingen Schenau, walikuwa wamegundua kwamba wembe ukifungwa kwa bawaba mbele na kuachwa huru kisiginoni, mguu unaweza kujinyoosha wote huku wembe ukiwa bado umelala kwenye barafu. Kile kipande kidogo cha msukumo kilichokuwa kinapotea kwenye kila hatua kikaokolewa. Miaka mingi wakubwa wa mchezo walikidharau kiatu hicho. Wanawake wa Uholanzi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukiamini, na walipoanza kushinda, msimu wa 1996 kuelekea 1997, kila mtu alikimbilia bawaba.

Na kuna paa. Viwanja vingi vya zamani vilikuwa wazi. Upepo ukija, umekuja, jua likilainisha barafu, pole. Uwanja wa Calgary ulifunguliwa mwaka 1987 ukiwa umefunikwa, na tangu hapo mwenye kutaka rekodi hakuhitaji tena kuomba dua ya hali ya hewa. Kuna watu ambao kazi yao ni kusafisha maji, kuyagandisha tabaka kwa tabaka, na kupima joto la barafu. Majina yao hayamo kwenye orodha.

Kwa hivyo, rekodi ni ya nani? Ya mlima? Ya fundi wa bawaba? Ya mwenye paa?

Ukifika hapa ni rahisi kuteleza upande wa pili, na vijana wa rika langu tunapenda sana kuteleza upande huo. Tunasema: unaona, hakuna juhudi, kuna bahati na mtaji tu. Kila aliyefika amebebwa. Ni fikra tamu, hasa mwisho wa mwezi.

Lakini orodha ile inakataa. Tazama miaka kumi na miwili ya Lee. Alianza mwaka 2013 rekodi ikiwa 36.94. Januari akaishusha hadi 36.80. Novemba akaishusha mara tatu ndani ya siku chache: 36.74, 36.57, 36.36. Baada ya hapo uwanja ule haukufungwa. Barafu ilikuwa ileile, mlima uleule, bawaba ileile, na mavazi yalizidi kuboreshwa. Wanawake wenye kasi kuliko wote duniani walifika Salt Lake City tena na tena, wakapewa kila kitu alichopewa Lee, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyeigusa. Kama hali ndiyo kila kitu, basi hali ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu.

Na Kok alipokuja, hakuipunguza kwa kucha. Sekunde 0.27, kwa kasi ile, ni karibu mita nne. Kama wangeteleza pamoja, Lee wa mwaka 2013 angekuwa bado hajagusa mstari, na anaona mgongo wa Kok mbele yake.

Nafikiri basi kwamba rekodi ina sehemu mbili ambazo huwezi kuzitenganisha kwa kisu, lakini unaweza kuziona ukijua pa kusimama. Ukilinganisha Schou Nilsen na Kok, sekunde kumi kati yao ni historia: paa, bawaba, maji safi, mishahara ya wanariadha. Ukimlinganisha Lee na kila aliyesimama kwenye barafu ileile baada yake, tofauti ile ni Lee. Sifa ya mtu inaanza pale ambapo mnasimama juu ya barafu moja.

Hiyo kanuni naiona ina kazi hata nje ya barafu. Juni 2025 kule Paris, Faith Kipyegon alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Alizungukwa na kundi la wakimbiaji, mbele na nyuma, waliopangwa ili kumpasulia hewa. Alikimbia haraka kuliko rekodi yake rasmi ya 4:07.64 ya mwaka 2023. Lakini ule muda wa Paris hauhesabiwi kama rekodi. Watu waliuliza: mbona hewa nyepesi ya Salt Lake City inakubaliwa na ukuta wa binadamu wa Paris unakataliwa? Si zote ni njia za kupunguza hewa?

Ni swali zuri, na jibu halimo kwenye fizikia. Hewa ya Salt Lake City ilikuwa ya kila mtu aliyeshuka uwanjani siku ile. Wale wakimbiaji wa Paris walikuwa wa mtu mmoja. Tunapokubali rekodi hatusemi kwamba mtu alikuwa peke yake bila msaada. Hakuna binadamu wa namna hiyo. Tunasema kwamba msaada wake ulikuwa msaada ambao wenzake nao wangeupata. (Na kwa Kipyegon haikupunguza kitu. Jioni ile ilituonyesha jambo la kweli kuhusu mwili wake. Ni vile tu jambo lile si la kulinganisha.)

Wasimamizi wa barafu wanalijua hili hadi kwenye vitu vidogo. Mbio za mita 500 huendeshwa wawili wawili, mmoja njia ya ndani, mwingine ya nje, na katikati wanabadilishana. Takwimu zilionyesha kwamba njia unayoanzia inaweza kukupa au kukunyima vipande vya mia vya sekunde. Basi kuanzia Olimpiki ya 1998 hadi ya 2014 kila mtelezaji alishindana mara mbili, mara moja kila njia, na muda ukajumlishwa. Mwaka 2018 wakarudi kwenye mara moja. Unaweza kubishana kuhusu uamuzi huo, lakini ona kile walichokuwa wanakitafuta miaka yote hiyo: barafu moja kwa wote.

Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini dawa zinatuuma kuliko viatu. Ujerumani Mashariki, tangu mwaka 1974, ilikuwa na mpango wa serikali wa kuwapa wanariadha dawa za kuongeza nguvu, wengi wao wakiwa wasichana wadogo walioambiwa ni vitamini. Ukuta wa Berlin ulipoanguka nyaraka zilipatikana, na mwaka 2000 mahakama mjini Berlin ilimtia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi ile, kwa kushiriki kuwadhuru wanariadha wake mwenyewe. Mpango ule haunipi ruhusa ya kunyooshea kidole kila jina la nchi ile kwenye orodha. Ubaya wake ni huo hasa: aliyedanganya na asiyedanganya wote waliachiwa kivuli kimoja, na wasichana waliomezeshwa hawakuulizwa.

Sisi wenyewe tumeachiwa kivuli kama hicho. Ruth Chepngetich alikimbia marathoni ya Chicago mwaka 2024 kwa 2:09:56. Mwaka uliofuata alifungiwa miaka mitatu kwa dawa iliyopatikana kwenye sampuli ya Machi 2025. Matokeo yake ya tangu siku hiyo yalifutwa. Ya Chicago yakabaki, kwa sababu yalitangulia. Kisheria namba ile ipo. Lakini mtaani ukiitaja, kuna mtu atakohoa. Na anayekuja nyuma yake, msichana safi anayeamka saa kumi na moja alfajiri pale Kapsabet, atakohoewa pia. Dawa hazimwibii tu mshindani wa siku ile. Zinaiba barafu ya wanaofuata.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba mstari wa kuanzia ni mahali ambapo watu huota kama uyoga. Sasa tuulize swali gumu zaidi: nani hufika kwenye huo mstari?

Tunaiita rekodi ya dunia. Dunia gani? Barani Afrika hakuna duara hata moja la barafu la mita 400. Nairobi tumewahi kuwa na barafu ya hotelini kwenye barabara ya Mombasa, nzuri ya kuzunguka na kupigia picha, lakini huwezi kufungulia kasi ya Kok mle bila kutokea upande wa pili wa ukuta. Orodha yote niliyoisoma ina Norway, Marekani, Ujerumani mbili, Kanada, China, Korea na Uholanzi. Kok mwenyewe amezaliwa Friesland, jimbo lenye Thialf, uwanja ambao mashabiki wa mchezo huu huutazama kama sisi tunavyotazama Eldoret. Simwondolei kitu kwa kusema hivyo. Nasema tu kwamba mwanamke mwenye kasi kuliko wote walio na barafu, na mwanamke mwenye kasi kuliko wote, ni sentensi mbili tofauti. Ya pili hatuijui.

Kuna mtu mmoja aliyetuonyesha pengo hilo. Erin Jackson amekulia Ocala, Florida, mji wa joto na farasi. Aliteleza kwa magurudumu kwenye lami na sakafu. Barafu aliijia akiwa mtu mzima, na miezi michache tu baadaye, mwaka 2018, akawa Olimpiki. Mwaka 2022, mjini Beijing, alishinda mita 500 kwa sekunde 37.04, mwanamke wa kwanza Mweusi kushinda dhahabu ya mtu binafsi katika Olimpiki ya majira ya baridi. Kasi ile ilikuwa ndani yake wakati wote akiwa Ocala. Bila mtu wa kumpeleka kwenye barafu, ingezeeka naye pale na tusingejua kwamba kuna tulichokosa.

Hapa ndipo orodha ya barafu inanigusa mimi, nisiyejua kuteleza. Sisi tumelelewa na namba. Kulikuwa na alama za darasa la nane, na kuna gredi za kidato cha nne, pointi za kuingia chuo. Mtihani ni mmoja nchi nzima, saa ileile, karatasi ileile, na tunaambiwa hiyo ndiyo haki. Ni kweli, siku ile mstari wa kuanzia ni mmoja. Lakini kuna mtoto aliyefika pale kutoka shule yenye maabara, na kuna aliyefika akiwa amechorewa mkondo wa umeme ubaoni kwa chaki. Cheti kina jina, alama na tarehe. Mahali pameandikwa pia, jina la shule, lakini nani anasoma safu ile anapokuuliza ulipata nini?

Mimi chuo nilitoka mwaka wa pili, karo ilipokataa. Tangu hapo nimesikiliza vikao vingi vya motisha, vya bure na vya kulipia, ambapo mtu mwenye suti anasimulia alivyoanza na shilingi mia mbili na leo ana magari. Jina analo, muda anao, tarehe anayo. Mahali hapasemi. Hasemi nyumba aliyolala bila kulipa wakati biashara inakua, wala mjomba aliyempigia simu mtu fulani, wala dada aliyebaki nyumbani na mama mgonjwa ili yeye aende mjini. Simwiti mwongo. Pengine zile mia mbili ni za kweli kabisa. Lakini amewaambia vijana mia tatu ukumbini kwamba 36.36 inawezekana popote, na watarudi kwao usawa wa bahari, watateleza kwa nguvu zao zote, na watakapopata 37 wataamini kwamba kasoro ni wao.

Na lazima niseme upande wa pili, la sivyo nitakuwa nimeruka safu ya kwanza kama yeye alivyoruka ya nne. Chumba changu cha chuo tulikuwa wawili. Mwenzangu kwao palikuwa pagumu kuliko kwetu. Aliuza mayai ya kuchemsha usiku, akafua nguo za watu, akamaliza. Barafu ilikuwa moja. Tofauti ile ni yake, na nikisema alibebwa namwibia.

Kama hali zina uzito huu, basi wajibu wetu hauishii kwenye kusema asante jukwaani. Tunadaiwa pia barafu ya mwenzetu.

Jackson asingefika Beijing bila kitu hicho. Januari 2022, kwenye mchujo wa Marekani kule Milwaukee, aliteleza vibaya hatua moja, akamaliza wa tatu, na nafasi zilikuwa mbili. Msimu ule alikuwa kati ya wenye kasi zaidi duniani. Aliyeshinda mchujo ni Brittany Bowe, mtoto wa Ocala vilevile, na mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,000: dakika 1:11.61, Salt Lake City, 2019. Bowe alimwachia nafasi yake. Namba za siku ile zilikuwa upande wa Bowe. Sheria ilikuwa upande wake. Lakini alikuwa ameangalia kasi ya Jackson msimu mzima, na hakukubali hatua moja mbovu iandike historia yote. (Baadaye Marekani ilipata nafasi ya ziada na Bowe akashindana. Alipoitoa yake hakujua hilo.)

Tukio la pili ni dogo zaidi, na mimi ndilo ninalolipenda. Olimpiki ya 2018 ilikuwa Korea Kusini, nyumbani kwa Lee. Alikuwa bingwa mara mbili mfululizo, nchi nzima imemkalia mabegani, na goti lilikuwa limemsumbua miaka. Mpinzani wake mkubwa, Mjapani Nao Kodaira, aliteleza kabla yake na kupata 36.94, rekodi ya Olimpiki. Ukumbi ukalipuka. Mashabiki wa Kijapani walipiga kelele kama watu waliopagawa. Kodaira, badala ya kuoga sifa zile, aliweka kidole mdomoni. Nyamazeni. Lee alikuwa hajateleza bado, na mtu anayengojea bastola anahitaji kusikia.

Fikiria hilo kidogo. Kelele zile zilikuwa zake, halali kabisa, na zingemsaidia. Alizizima ili mpinzani wake apate ukimya uleule aliokuwa nao yeye. Lee akapata 37.33, fedha, akalia, na Kodaira akamshika wakazunguka uwanja pamoja. Picha ile ya kukumbatiana ilizunguka dunia nzima. Lakini kile kidole ndicho kilichokuja kwanza, wakati dhahabu ilikuwa bado haina mwenyewe.

Siku moja 36.09 nayo itaanguka. Pengine itakuwa Salt Lake City tena, pengine kwa kiatu ambacho leo wakubwa wanakicheka. Ikitokea, nitalisoma jina kwa heshima, maana mtu atakuwa amefanya jambo. Halafu nitashuka taratibu hadi safu ya nne.